Ubani Si Moshi

Jumatatu, 5 Mei

Nimechoka kulala, nimechoka kukaa, na uji wa pilipili manga ndo nimeuchoka kabisa. Mama hataki nisogee dirishani, eti upepo utanikaa mgongoni. Hataki nishuke ngazi. Hataki nikanyage sakafu bila ndala. Mzazi ndani ya arobaini ni mfungwa anayepikiwa supu! Nimekataza mtu yeyote asinihesabie siku, maana nikijua zilizobaki nitalia.

Mtoto wa kwanza unamzalia kwenu, ndiyo desturi yetu. Basi nipo kwa mama, Mchafukoge, ghorofa ya tatu, chumba kilekile nilichotokea siku ya kuolewa. Mume wangu Latifu kabaki Buguruni kwenye chumba chetu. Jioni akitoka Mchikichini kuuza viatu vya mtumba anapitia hapa, anakaa ukingoni mwa kochi kama kaja kuposa upya.

Mrisho kalala. Jina la marehemu baba. Kaja kabla ya wakati wake, mdogo huyo! Na kifuani ana kamlio, kama paka aliyeshiba. Siku tunaruhusiwa hospitali daktari alinyoosha kidole kabisa: kifua hiki hakitaki vumbi, hakitaki moshi, moshi wa aina yoyote. Mama akajibu kabla sijafungua mdomo: kwetu hakuna moshi, daktari, tunapikia gesi.

Sasa leo limepita gari la matangazo. Spika inakwaruza, nusu sikuisikia. Homa ya dengue imezidi—mji mzima utapuliziwa dawa ya kuua mbu, mtaa kwa mtaa—sisi Ijumaa jioni. Wananchi mfunike vyakula, mfunike maji. Basi. Hawakusema watoto wachanga tuwafunike na nini.

Nimemwangalia Mrisho. Kifua kile.

Mama kasema maneno machache tu: hawaingii humu. Halafu kaleta chetezo kama kila jioni, kanifukiza nywele, kanifukiza khanga, kafukiza na vishati vya mtoto. Hapo ndipo najisikia mtu, mchana kutwa huwa najisikia ng'ombe wa maziwa. Na ubani wa mama si wa mchezo—maharusi wa mtaa huu karibu wote wanatoka wamefukizwa udi wake. Wanakuja mpaka kutoka Temeke.


Jumanne, 6 Mei

Group la jengo limechafuka. Sauti juu ya sauti, nimesikiliza mpaka bando limekata. Mmoja anasema Buguruni wamepuliza na kuku wote chali. Nikampigia Latifu, yeye si yuko hukohuko! Kacheka: kuku wamekufa kwa kideri wiki mbili nyuma, gari la dawa halijafika hata. Mwingine kasema ule moshi unamaliza nguvu za kiume. Huyo hana mke wala mchumba, sijui anamhifadhia nani.

Nacheka hapa lakini sikio liko kifuani kwa Mrisho.

Jioni mkutano, chini uani. Mama kaenda. Mimi nikanyata mpaka dirishani, nikajificha nyuma ya pazia, mgongo na upepo wake wajuane wenyewe. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Vitalis, alikuwepo, na bibi afya mmoja kavaa kizibao cha kung'aa, jina lake Joyceline. Kaeleza vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini watu nao wana lao. Muuza juisi ya ukwaju kauliza nani atanunua juisi mtaa ukinuka dawa. Mzee mmoja kauliza dawa inaitwaje. Joyceline kataja—jina refu, hakuna aliyelidaka—kasema ni kiasi kidogo, kinaua mbu, binadamu hakimdhuru akifuata maelekezo.

Mama kasimama. Sauti ya mama huhitaji dirisha kuisikia.

"Nina mjukuu yuko ndani ya arobaini, kifua chake kibovu. Maelekezo yake ni yapi?"

Atolewe, kasema Joyceline. Akae mbali kidogo mpaka harufu iishe, mkirudi mfungue madirisha.

"Atolewe! Mtoto wa arobaini! Magharibi hiyo, jua linazama, saa ya kila kiumbe kibaya kuzurura! Wewe mwanangu umezaa?"

Watu wakacheka. Joyceline kasema kazaa wawili. Kicheko kikaongezeka, na mama hapendi kuchekwa.

Halafu Leticia kasimama. Jirani yetu mlango wa mbele, mwanamke wa Masasi, fundi wa mapazia Kariakoo. Rafiki yangu! Huyu ndiye aliyenishika mkono ngazini uchungu uliponianza. Kasema yeye anataka wapulize, tena hata leo. Mumewe Beno kalala na dengue tangu kabla ya Pasaka, mtu mbeba mizigo mzima alikuwa anashikwa kwenda chooni, mpaka leo magoti yanamgomea. Kasema mbu hachagui wa arobaini na asiye wa arobaini.

Mama kapanda ngazi anahema kwa hasira. Nikamsikia Leticia nyuma yake: Bi Mgeni, sikuwa nakusema wewe. Mama kamjibu, umesema mbele za watu, umemaliza. Mlango—paa!

Na mimi sikutoka kumtetea. Kwa sababu nilikuwa na hasira naye vilevile. Mwanangu ndiye mwenye kifua, si yeye.


Jumatano, 7 Mei

Leticia hajagonga leo. Kila siku hugonga.

Latifu kaja na soksi za mtoto, jozi kumi na mbili, zote za miguu mikubwa. Kaniambia kwa kunong'ona: nikuchukueni Ijumaa mkae kwa shangazi yangu Maimuna mpaka waishe? Nikamwambia mwambie mama. Kaenda mpaka mlango wa jiko, kasema, "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Karudi. Hakuthubutu! Mwanaume anayepigania kona ya meza na wababe wa Mchikichini, mbele ya mama anageuka mkate wa mofa uliotiwa maji.

Basi mpango ni wa mama. Chumba kitazibwa. Latifu kanunua selotepu pana, kabandika madirisha yote, kila ufa. Matundu ya hewa juu ya mlango tumeziba kwa nailoni ya godoro. Chini ya mlango khanga zilizoloweshwa, kesho kutwa zitaloweshwa tena. Mama kapanga khanga yenyewe ya juu maandishi yameelekea koridoni: YA JIRANI HAYAKUHUSU. Kasema imetokea tu. Namjua mama yangu.


Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Joto humu ndani hatari. Mrisho analia, kajaa vipele vya joto. Sijamwona Leticia. Nimesikia cherehani yake tu.


Ijumaa, 9 Mei

Alasiri. Kila kitu tayari. Maji ya kunywa ndani, nepi ndani, mimi ndani, mtoto ndani. Mama kasali, kaketi, kasimama, kaketi.

Umeme umekatika.

Injini! Nasikia injini chini, inanguruma. Wamefika. Mama analeta


Jumamosi, 10 Mei

Yuko hai. Naanza na hilo. Yuko hai, kalala pajani kwangu, anakoroma kamlio kake, na mimi nimelia mpaka kope zimevimba. Alhamdulillah, alhamdulillah, alhamdulillah.

Nitaandika ilivyokuwa, vinginevyo kichwa hakitulii.

Injini iliponguruma mama kaleta chetezo. Kuzima harufu yao, kasema. Makaa mekundu, ubani mwingi, na juu yake udi ule wa maharusi, ule wa bei. Chumba kimezibwa kila mahali. Moshi haukuwa na pa kwenda, ukajaa kuanzia juu ukashuka mpaka kitandani. Nilinusa nikasema afadhali, sisikii dawa.

Mrisho kapiga chafya. Kakohoa. Kakohoa tena, halafu akaacha kukohoa—na huko kuacha ndiko kulikonitisha. Mbavu zinabonyea, pua zinatanuka, midomo inageuka zambarau. Mama akapiga kelele: imeingia! Dawa imeingia! Akatupa konzi nyingine ya ubani kwenye makaa. Na mimi—hakuna anayesoma hapa, niseme—na mimi nilimwambia ongeza. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Ongeza mama.

Sijui kilichoninyanyua ni nini. Nilitaka hewa tu, hata ya sumu. Nikapiga teke zile khanga, nikafungua mlango. Leticia alikuwa koridoni na taa ya simu. Siku zote hizi hatusemeshani, lakini alikuwa kasimama pale pale mbele ya mlango wetu, mkono juu, anataka kugonga—kasikia kelele. Kamwona mtoto. Kampokea, kashuka naye ngazi mbiombio, mimi nyuma, pekupeku, kichwa wazi, khanga moja kifuani. Mtu kwenye ngazi anasema, heh, mzazi katoka! Nimetoka ndiyo! Arobaini yenyewe ya nani kama mtoto hayupo?

Tukafika barabarani. Hakuna gari. Hakuna dawa. Hakuna harufu yoyote, ila maji ya mvua na muuza ukwaju anasuuza glasi zake. Jenereta ya duka la makava ya simu ndiyo iliyokuwa inanguruma.

"Wako wapi?" nikapiga ukelele.

"Kina nani, dada?"

"Wapuliza dawa!"

"Hao? Gari limewafia huko Ilala. Hawaji leo. Limepita tangazo mchana."

Tangazo! Tungelisikiaje, na madirisha yenye selotepu?

Sikuelewa bado. Nilikuwa namtazama Mrisho mikononi mwa Leticia, kamgeuza kifudifudi kwenye kiganja, kamwinamisha, anamsugua mgongo. Na Mrisho akavuta pumzi. Moja, ndefu, inakwaruza. Halafu akalia! Wallahi sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile kilio. Watu walisimama kutazama, muuza ukwaju kashika kichwa. Mimi nilikaa chini kwenye tope.

Bajaji mpaka hospitali. Wakampokea haraka, kabarakoa kadogo usoni, oksijeni, kimashine cha mvuke. Latifu kafika mbio na kiatu kimoja cha mteja mkononi, hajui kakipata wapi. Daktari kauliza: kavuta moshi gani huyu?

"Dawa ya mbu," kasema mama.

Daktari kainama, kanusa blanketi la mtoto. Kanusa na khanga yangu. Chumba kizima cha hospitali kinanukia kama asubuhi ya Idi, nesi mpaka kageuka kutafuta bibi harusi.

"Mama," kasema taratibu, "hii ni dawa ya mbu?"

Mama kalinusa blanketi mwenyewe. Kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kasema, "Ubani si moshi."

Kaketi kwenye benchi mpaka asubuhi walipotuachia.


Jumapili, 11 Mei

Makubwa! Mwanangu kafiwa na nafsi yake mwenyewe.

Nipo kitandani, Mrisho ananyonya kwa fujo, kamlio kamepungua. Ghafla ngazini vilio. Wanawake. Mlango unafunguliwa, shangazi Maimuna wa Latifu na wenzake wanne, khanga zimefungwa viunoni, mkeka kwapani, machozi mpaka kidevuni. Katutazama. Kamtazama Mrisho. Mrisho kaachia ziwa kacheua.

"Mbona yuko hai?" kasema shangazi, kama tumemdhulumu nauli.

Halafu kalia upya, safari hii ya furaha, na sisi tukalia, na tukacheka, na Mrisho akalia kwa kuwa wote tunalia. Mkeka wa matanga tukautandika tukanywea chai.

Lakini chai ikaja na habari. Sauti imezunguka Buguruni yote, Ilala yote: dawa ya mbu imeua kichanga Mchafukoge. Mpaka ghorofa wanaitaja. Vijana wanasema gari la dawa likionekana ni mawe. Shangazi kasema hata yeye alishaweka jiwe lake tayari.

Mama alikuwa anamimina chai. Kaweka birika chini, katoka. Nilimkuta jikoni kaegemea ukuta. Chetezo kiko juu ya kabati, kimegeuzwa kichwa chini.

"Nimemfukiza mjukuu wangu kama mbu," kaniambia.

Nikamkumbatia. Nikamwambia tulikuwa wawili, mama, na mimi nilisema ongeza. Kalia begani kwangu. Mimi sijawahi kuona mama analia tangu msiba wa baba. Halafu kajifuta, kaniambia rudi kitandani, unakanyaga sakafu ya baridi! Hapo nikajua atapona.

Jioni Leticia kagonga. Kaleta kisamvu cha karanga kwenye bakuli la kufunika. Kakanyaga ile khanga bado ipo mlangoni, kaiokota, kaisoma kwa sauti. Mama kaona haya, na mimi haya. Leticia kacheka mpaka kakaa chini.

"Bi Mgeni, nilidhani umeninunulia mimi!"

"Nilikununulia wewe kweli," kasema mama. Kapiga magoti—mama yangu!—kamshika Leticia mikono miwili. Leticia kasema, basi mama, basi, mtoto ni wa jengo.

Wakala kisamvu sahani moja. Baadaye Leticia kasema polepole, huku anakusanya vyombo: wakilipiga gari mawe hawarudi tena huku. Na jana ghorofa ya kwanza kaanguka mtu mwingine na homa. "Mimi sisemi kitu popote. Mwenye kusema ni wewe."

Mama kaangalia mikono yake.


Jumatatu, 12 Mei

Nyumba haina harufu. Hapana, ina harufu—vitunguu, nepi, dagaa wa ghorofa ya chini. Ajabu kuishi hivi.

Mama mmoja wa Temeke kaja kuagiza udi wa harusi ya binti yake. Mama kamwambia arudi wiki ijayo. Hajawahi kumrudisha mteja. Nikamuuliza, kasema mwenye kufukiza maharusi akijulikana alitaka kumuua mjukuu kwa ubani, nani atamletea binti tena? Nikasema si lazima ijulikane. Kasema, ndiyo, si lazima.

Simu inaita, waandishi wa habari. Anatafutwa bibi wa marehemu, ahojiwe. Marehemu kanikojolea mgongo mzima.


Jumanne, 13 Mei

Mkutano mwingine. Sikujificha nyuma ya pazia, nimekaa dirishani na Mrisho mapajani, wazi, wote wamtazame kama yuko hai au la. Waliponiona wakaanza kunong'ona. Mmoja kapiga picha.

Uani kumejaa, wengine si wa mtaa wetu. Vitalis anajaribu kunyamazisha, hawanyamazi. Joyceline kashika kizibao chake mkononi, hajakivaa. Mtu anapaza sauti, semeni mlichompulizia mtoto!

Mama kapita katikati. Kavaa baibui lake zuri.

"Mtoto ni wangu," kasema. "Yule pale dirishani. Hakupuliziwa na serikali, gari lao halikufika. Nilimpulizia mimi. Niliziba chumba nikachoma ubani na udi, kwa mkono huu. Wengine mnaujua ubani wangu, mmeolewa nao. Daktari aliniambia moshi wa aina yoyote, na mimi nikaona ubani haumo. Umo!"

Mtu nyuma akacheka, kicheko kibaya. Nikasema moyoni, mama kaisha.

Muuza ukwaju kasema, "Bi Mgeni, hata kwetu mama anafukiza. Mdogo wangu wa mwisho ana pumu." Halafu mwanamke mmoja: wangu naye hukohoa magharibi tu, nilidhani ni jini. Mwingine: mimi huyo wa kwangu chetezo kinakaa chini ya kitanda! Wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Aliyecheka akakosa wa kucheka naye.

Mama hakuwa kamaliza. Kamgeukia Joyceline.

"Na wewe usifurahi. Mimi nimekosea langu, nyinyi mna lenu. Umesema mtoto atolewe. Apelekwe wapi? Akae barabarani magharibi? Mkiahirisha, aliye ndani atajuaje? Spika yenu inakwaruza."

Leticia kapiga makofi wa kwanza. Joyceline kavaa kizibao, kasema ana haki. Wakabishana pale mpaka ikaeleweka: wachanga, wagonjwa wa pumu na wazee watakaa kiwanja cha madrasa mtaa wa nyuma, hawaanzi kupuliza mpaka wote wametoka, na wajumbe wa mtaa watagonga kila mlango kwa mikono. Wamepanga Ijumaa. Vitalis kasema kiwanja atakiomba yeye. Mama kamwambia, umeshaombewa, nimeongea na maalimu adhuhuri.

Kumbe aliamua tangu adhuhuri! Na mimi nimekaa hapa nakufa kwa roho juu.

Kapanda ngazi. Kavua baibui. Kasema, "Nimepoteza maharusi." Kisha kasema ana njaa. Kala sahani mbili.


Alhamisi, 15 Mei

Yule mama wa Temeke karudi. Mama kamwambia mwenyewe yote, mlango wazi. Yule kasema kasikia, ndo maana kaja mapema: binti ana ujauzito, afanyeje? Mama kamwambia nguo zifukiziwe uani, yeye azivae zikishapoa. Wakakubaliana. Mama karudi ndani anaimba kwa pua.

Mrisho kaongezeka. Mashavu!


Ijumaa, 16 Mei

Naandika kwenye goti, kiwanja cha madrasa. Mkeka wetu ni ule wa shangazi Maimuna. Tumejaa humu—wachanga, vikongwe, Beno na fimbo yake, mtu na kasuku wake ndani ya tundu. Muuza ukwaju kajichomeka humohumo, anauza.

Walikuja kugonga mlango kweli. Mama kamtia Mrisho kipaku cha wanja kwenye paji la uso, kikubwa kama kifungo cha koti. Nikasema mama, hicho nacho? Kasema hiki hakina moshi. Kambeba mwenyewe. Mlango wa chini akasimama, magharibi imewiva, mtaa mwekundu. Kasimama sana. Nilidhani anarudi juu. Kasema Bismillah, katoka.

Injini yenyewe inasikika sasa. Ya kweli safari hii, na ni ndogo kuliko jenereta ya makava ya simu! Juu ya mapaa yetu kuna moshi mweupe. Hapa harufu haifiki, au inafika kidogo, kama mafuta ya taa ya mbali. Naogopa bado, sidanganyi. Sijui ile dawa itatufanya nini mwakani, na Joyceline nilimuuliza tena lile jina refu la dawa, nikaliandika kwenye simu, nitamwonyesha daktari. Lakini naogopa huku nimekaa kwenye hewa, mwanangu anapumua, na rafiki yangu kaniegemea anasinzia.

Joyceline kaja. Kasema mtaa wetu umeisha, harufu imeanza kutoka, mnaweza kurudi taratibu, fungueni madirisha yote. Watu wanainuka. Mikeka inakunjwa. Latifu kafika na soksi nyingine, anauliza twende?

Mama hajainuka. Kampakata Mrisho, kamnusa shingoni, kamnusa tena.

"Maziwa," kasema. "Maziwa matupu."

Leticia kamwambia, Bi Mgeni, tunaondoka, giza hilo, na mtoto wa arobaini.

"Tangulieni," kasema mama. Kanyoosha miguu mkekani. "Mna haraka ya nini? Huku kuna hewa."